Hadithi yangu imefia jukwaani. Nichague moja?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Korogwe. Naandika hadithi fupi tangu sekondari, na chache zimewahi kutoka gazetini. Mwaka jana kikundi cha vijana wa hapa kiliniomba nigeuze moja iwe mchezo wa kuigiza. Inahusu mama anayemsubiri mwanawe stendi tangu asubuhi, huku anaogopa basi lisije likafika. Walioisoma waliniambia iliwatoa machozi. Kwenye mazoezi imekuwa kitu kingine kabisa: mhusika anasimama, anaeleza anavyojisikia, wenzake wanamtazama, na juzi vijana wenyewe wameanza kupiga miayo. Rafiki yangu ananiambia nichague, hadithi au tamthilia, na kwamba kwa mtu wa zamu za usiku hata hiyo moja ni bahati. Mwingine kanitajia Chekhov, mwandishi wa Urusi, eti alikuwa daktari na aliandika vyote viwili. Aliwezaje? Na mimi nianzie wapi?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hadithi uliyoiambatanisha nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na neno langu la kwanza ni hili: usiiguse. Iache ibaki hadithi. Pale mama anapofungua fundo la pindo la khanga, anahesabu noti, anafunga tena, halafu tunaambiwa kwamba zile hela si za nauli, ilibidi niweke karatasi mezani kwanza.

Sasa tazama kilichotokea kwenye mazoezi. Kuna mtu mmoja hakuja, na ndiye aliyekuwa akifanya kazi kubwa kuliko wote: msimulizi. Yeye ndiye aliyejua hela ni za nini. Yeye ndiye aliyetunong'oneza kwamba kijana kapiga simu kusema anarudi "kupumzika", na kwamba mama huyu ameshazika wawili waliorudi kupumzika. Ulipoona hayupo, ukagawa maneno yake kwa waigizaji. Mama akapewa aseme anaogopa, mpagazi akapewa aseme mama anaogopa, na muuza karanga akaja kutusimulia ukoo mzima. Vijana wana haki ya kupiga miayo.

Kosa hilo Anton Chekhov naye alilifanya, na ilimchukua miaka mingi kuliacha. Ndiyo maana nitakujibu kwa kumfuata yeye. Wengi humtaja kama mtu aliyejaliwa vipaji viwili, na hapo ndipo wanapopotea. Ukimsoma kwa mpangilio wa miaka unaona mtu mwenye kipaji kimoja aliyehangaika sana kukihamisha kutoka ukurasani kwenda jukwaani.

Alizaliwa 1860 Taganrog, mji wa bandari kwenye Bahari ya Azov, kusini mwa Urusi. Babu yake alikuwa mtwana wa mwenye shamba, akajinunulia uhuru yeye na familia yake. Baba alikuwa na duka la vyakula, na watoto walikaa kaunta mpaka usiku. Duka likafilisika 1876, baba akakimbilia Moscow kukwepa wadai, na Anton akaachwa nyuma amalize shule huku akijikimu kwa kufundisha watoto wa watu. Mji ule ulikuwa na ukumbi wa tamthilia, na mwanafunzi huyu alikuwa akipanda kule juu kwenye viti vya bei ya chini kabisa. Weka hilo akilini: jukwaa lilimshika kabla ya hadithi.

Na jaribio lake kubwa la mwanzo lilikuwa tamthilia. Alipokuwa na umri wa miaka kama 20 hivi aliandika mchezo mrefu ajabu, ambao ukichezwa wote unapita saa 5. Mdogo wake alikuja kusimulia kwamba Anton aliupeleka kwa Maria Yermolova, mwigizaji mkubwa wa Moscow, ukakataliwa. Mswada ulionekana baada ya kifo cha Chekhov, ukachapishwa 1923. Siku hizi watu huukatakata na kuuonyesha kwa jina la "Platonov". Kila kitu kimo humo: madeni, wapenzi, shamba linalouzwa, bastola. Na kila mtu anaeleza. Anaeleza anachofikiri, anachojutia, alivyokuwa zamani. Ungewapa vijana wako wa Korogwe wangepiga miayo vilevile.

Kilichomnyoosha ni umaskini. Alipofika Moscow 1879 kusomea udaktari alikuta familia imebanana kwenye vyumba vya chini, na yeye, mtoto wa tatu, ndiye akawa tegemeo. Akaanza kuuza vichekesho kwenye majarida. Kuanzia 1882 aliandikia "Oskolki", jarida la St Petersburg, kwa kopeki 8 kwa mstari, na mhariri hakutaka hadithi izidi mistari kama 100. Fikiria masharti hayo. Unalipwa kwa mstari, kwa hiyo tumbo linakuambia urefushe. Lakini mistari ni 100 tu, kwa hiyo kalamu lazima ikate. Hapo ndipo alipojifunza kumleta mtu mlangoni kwa sentensi moja. Alitumia jina la utani, Antosha Chekhonte, kwa sababu lake halisi alilitunzia sayansi. Mwaka 1886 Dmitri Grigorovich, mwandishi mzee aliyeheshimika, alimwandikia barua akimsihi akiheshimu kipaji chake. Chekhov akajibu kwa furaha na aibu kwamba hakumbuki hadithi hata moja aliyoifanyia kazi zaidi ya siku nzima, na kwamba ile iliyomvutia mzee aliiandikia kwenye kibanda cha kuogelea.

Mwaka huohuo alitoa hadithi ambayo ukitaka kuelewa tamthilia zake inabidi uanze nayo. Kwa Kiswahili tuiite "Huzuni". Iona ni mzee anayeendesha gari la farasi mjini usiku wa theluji. Mwanawe amefariki wiki hiyo. Anajaribu kumwambia abiria mmoja, halafu kundi la vijana walevi, halafu mlinzi wa nyumba, halafu dereva mwenzake anayeamka kunywa maji. Hakuna anayesikiliza. Mwishowe anakwenda zizini na kumsimulia farasi wake.

Soma hadithi hiyo ukitafuta ni mara ngapi Chekhov anasema Iona ana uchungu. Anasema, ndiyo, kuna aya moja nzito kabisa. Lakini kinachotuumiza ni abiria anayeuliza kidogo kisha anafumba macho. Uchungu umewekwa kwenye masikio ya watu wengine. Hiyo tayari ni tamthilia, ila mwenyewe bado hajajua.

Miaka 15 baadaye, kwenye "Dada Watatu", kuna Andrei, kaka wa dada hao, aliyeota kuwa profesa na ameishia karani wa halmashauri. Tarishi mzee, Ferapont, analeta makaratasi. Ferapont hasikii vizuri. Andrei anamwaga moyo wake wote kwake, na anamwambia waziwazi kwamba kama angekuwa anasikia sawasawa, pengine asingemweleza. Unamwona farasi wa Iona? Ni yuleyule, amevaa koti la tarishi. Ukurasani palihitajika zizi, usiku, theluji na sauti ya msimulizi. Jukwaani panatosha mzee kiziwi na bahasha.

Lakini nimeruka. Kati ya farasi na tarishi kuna hatua ambazo ndizo zitakufaa wewe.

Mwanzoni mwa 1887 alichukua hadithi yake fupi, "Kalkhas", akaigeuza mchezo wa tendo moja uliokuja kuitwa "Wimbo wa Batamaji". Alijisifu kwa rafiki yake kwamba ni tamthilia ndogo kuliko zote duniani na kwamba ilimchukua saa 1 na dakika 5. Mwigizaji mzee wa vichekesho amelewa usiku wa sherehe yake, akalala chumba cha kuvalia, akaamka ukumbi ukiwa mtupu na giza. Mtu mwingine pekee humo ni mzee anayewakumbusha waigizaji maneno. Analala humo kwa siri kwa sababu hana pa kulala. Basi. Sehemu moja, usiku mmoja, watu wawili, mshumaa.

Hakuchagua hadithi aliyoipenda kuliko zote. Alichagua ile ambayo tayari ilikuwa na kuta nne. Na kile ambacho msimulizi alikuwa akikieleza juu ya uzee wa mtu huyu, kwenye mchezo kinafanywa na mzee mwenyewe kwa kukariri vipande vya tamthilia alizowahi kucheza, zikiwemo za Shakespeare, mbele ya viti vitupu. Hasemi "nilikuwa hodari". Tunamsikia akiwa hodari, na tunaona hakuna anayepiga makofi ila mzee mwenzake. Chekhov aliifanya kazi ya namna hii mara kadhaa: mchezo wa "Harusi" wa 1889 na ule wa "Maadhimisho" wa 1891 yote imechotwa kwenye hadithi zake za gazetini.

Halafu kuna "Dubu", wa 1888, ambao nimeuongoza na wanafunzi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, mara moja kwenye bwalo la chakula huku wapishi wakigonga masufuria nyuma ya pazia. Mjane, Popova, ameapa kuomboleza maisha. Anaingia Smirnov, mwenye shamba, kudai rubli 1,200 alizokopa marehemu. Wanagombana, wanaitana kwenye pambano la bastola, na wanaishia kukumbatiana. Wanafunzi hucheka kwenye ugomvi. Mimi huwasubiri kwenye nafaka. Mwanzoni Popova anaagiza farasi aliyependwa na marehemu mumewe, anaitwa Toby, aongezewe nafaka, kwa heshima ya mapenzi yao. Mwishoni kabisa, akiwa mikononi mwa Smirnov, anainamisha macho na kumwambia mtumishi: leo Toby asipewe nafaka kabisa. Pazia.

Hasemi "nimemsahau mume wangu". Farasi kanyimwa chakula, na ukumbi mzima umeelewa, hata wale wa nyuma wanaotafuna miwa. Kwenye hadithi ungehitaji aya nzima kueleza moyo wa mjane umegeuka vipi, na ungeiandika vizuri, nina hakika. Jukwaani aya hiyo imekaa ndani ya kibaba cha nafaka ambacho hakuna aliyekiona.

Kwenye michezo mirefu alichelewa zaidi, na kuna kitu kimoja unaweza kukifuata kama mtu anavyofuata damu njiani: bastola. Mwaka 1887 mwenye ukumbi mmoja wa Moscow, Korsh, alimwomba mchezo, naye akaandika "Ivanov" kwa siku kama kumi na kitu. Katika umbo lililochezwa St Petersburg mwaka 1889, mhusika mkuu anajipiga risasi mwishoni. Mwaka huohuo wa 1889 akatoa mchezo uitwao "Leshy", yaani pepo wa msituni. Humo Voynitsky anajiua kwenye tendo la tatu. Mchezo ukaanguka vibaya. Chekhov akauficha, akauvunjavunja, na kutoka kwenye mabaki yake ukazaliwa "Mjomba Vanya", uliochapishwa 1897. Na Voynitsky sasa? Anamfyatulia profesa risasi mbili, zote zinakosa. Anabaki hai, anarudi mezani kuandika hesabu za mafuta ya kula na nafaka. Kwenye "Shakwe" mlio unatoka nje ya jukwaa, na daktari anaenda kuangalia, anarudi na kusema ni chupa ya etha imepasuka kwenye sanduku lake la dawa. Kwenye "Dada Watatu" pambano liko mbali, tunasikia tu. Kwenye "Bustani ya Micheri" wa 1904, wa mwisho, bunduki na bastola zinaonekana lakini hakuna anayefyatua. Kilichochukua nafasi ya mlio ni sauti ya mbali kama uzi uliokatika, halafu mashoka yakikata miti.

Watu humnukuu kila siku kuhusu bunduki iliyotundikwa ukutani, kwamba lazima ilie. Ni kweli aliwahi kutoa ushauri huo barua za 1889. Ila mwenyewe miaka 15 iliyofuata aliitumia kuipeleka bunduki mbali zaidi na zaidi, na hilo hawalinukuu.

Nikuonyeshe mahali ninapopapenda kuliko pote, na ukiwa mtu wa Tanga utacheka. Tendo la mwisho la "Mjomba Vanya". Chumba ni cha kazi, kina meza ya hesabu, ndege kwenye tundu, na ukutani kumetundikwa ramani ya Afrika. Chekhov ameandika kwenye maelekezo kwamba ramani hiyo ni dhahiri haina faida kwa yeyote pale. Daktari Astrov anaondoka. Mwanamke aliyempenda amekwenda zake, urafiki wa nyumba ile umeharibika, Sonya anayempenda yeye yuko palepale na hajawahi kuambiwa neno la faraja. Kimya. Farasi wanasubiri. Astrov anaisogelea ramani, anaitazama, anasema: huko Afrika sasa hivi lazima kuna joto la kutisha. Vanya anajibu kwamba ndiyo, huenda.

Hayo ndiyo maagano. Mimi nikiwa kijana nilidhani ni utani wa Mzungu kuhusu sisi. Kisha siku moja niliagana na mtu stendi, tukazungumzia bei ya mchele mpaka basi likaondoka, na nikamwelewa Astrov.

Ulichonieleza kuhusu mazoezi kilimpata naye, tena mbele ya ukumbi uliojaa. "Shakwe" aliuandika mwishoni mwa 1895 nyumbani kwake Melikhovo, kusini mwa Moscow, na ukachezwa mara ya kwanza Oktoba 1896 kwenye ukumbi wa Alexandrinsky, St Petersburg. Jioni hiyo ilikuwa ya kumuenzi mwigizaji wa vichekesho, kwa hiyo watazamaji walikuja wakiwa wameandaa mbavu zao. Wakacheka pasipochekesha, wakazomea. Mwandishi alitoka ukumbini katikati ya mchezo, akazunguka mitaani mpaka usiku wa manane, kesho yake akapanda treni kurudi kwake akiapa hataandika tena tamthilia. Maonyesho yaliyofuata yalipokewa vizuri zaidi, lakini yeye alikuwa ameshaondoka.

Mchezo haukubadilika. Kilichobadilika ni watu waliokuja kuucheza Desemba 1898, kikundi kipya cha Moscow cha waongozaji Stanislavski na Nemirovich-Danchenko, ambacho kilikubali kufanya mazoezi mpaka kimya kiwe na maana. Baadaye ndege huyo wa baharini akawa nembo ya ukumbi wao na bado yuko kwenye pazia. Kwa hiyo kabla hujalaumu mswada wako wote, waulize vijana: mnajua kukaa kimya jukwaani mkiwa na kazi ya mikono? Waigizaji wetu wengi wamezoea mchezo wa kuhamasisha, wa semina, ambapo kila mhusika huja na ujumbe wake kifuani kama tangazo. Wafundishe kumenya machungwa bila kusema neno kwa dakika 2. Ni kazi ngumu, usiidharau.

(Usidhani Chekhov na Stanislavski walipatana kwa kila kitu. Waligombana mpaka mwisho. Mwandishi alisema "Bustani ya Micheri" ni kichekesho, mwongozaji akaufanya wa kulia. Na Chekhov alichoshwa na vyura, nyenje na mbwa waliokuwa wakipigwa nyuma ya pazia ili jukwaa lifanane na shamba la kweli.)

Sasa hilo la kuchagua. Kazi kwanza. Alimwandikia rafiki yake mchapishaji, Suvorin, mwaka 1888 kwamba udaktari ni mke wake wa halali na fasihi ni hawara, na akimchoka mmoja analala kwa mwingine. Maneno yamezeeka vibaya kidogo, lakini jambo lenyewe ni kweli: kimoja kilimpumzisha kutoka kwa kingine. Mwaka 1890 alisafiri mpaka kisiwa cha Sakhalin, gereza la Warusi mashariki ya mbali, akakaa miezi 3 akijaza kadi za sensa za wafungwa na walowezi, kwa maelfu. Kipindupindu kilipotishia 1892 alipewa ahudumie vijiji 25, viwanda 4 na nyumba moja ya watawa, bila mshahara. Mwaka huohuo ndipo ilipochapishwa "Wodi Namba 6", hadithi ambayo kila mtu anayefanya kazi hospitali anapaswa kuisoma akiwa na nafasi ya kukasirika. Hesabu pia madaktari waliomo kwenye tamthilia zake: Lvov wa "Ivanov", Dorn wa "Shakwe", Astrov, na yule Chebutykin wa "Dada Watatu", mlevi anayekiri amesahau kila alichosomea. Hakuwapamba. Ni mtu wa ndani tu anayeweza kuandika hivyo. Zamu zako za usiku, mwanangu, ndizo zinazokupa wale watu wanaoongea saa 9 usiku wakisubiri majibu ya maabara, na kila wanachosema hakihusiani na majibu. Sikiliza hapo. Usichukue majina yao wala magonjwa yao, hilo nadhani unalijua kuliko mimi. Chukua namna wanavyokwepa.

Jambo moja usimwige. Alianza kutema damu 1884, mwaka aliohitimu, na kwa miaka 13 daktari huyu hakukubali kupimwa sawasawa, mpaka damu ilipomtoka kwa wingi akiwa mezani kwenye hoteli ya kulia chakula, Moscow, Machi 1897. Kilikuwa kifua kikuu, ugonjwa uleule uliomuua kaka yake Nikolai. Alifariki 1904 akiwa na miaka 44. Wanaopenda kusema msanii hujiteketeza kama mshumaa waambie wakae zamu yako wiki moja.

Kuhusu kuchagua kati ya hadithi na tamthilia, hakuchagua kamwe. Alioa fasihi nzima. Katika miaka yake ya Yalta, alipopelekwa na mapafu, aliandika "Dada Watatu" na "Bustani ya Micheri", na katika miaka hiyohiyo akaandika hadithi zake bora, ikiwemo ile ya bibi mwenye kijibwa ya 1899. Hata kwetu, Said Ahmed Mohamed alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi "Si Shetani si Wazimu" 1985, kisha tamthilia "Kivuli Kinaishi" 1990 na "Amezidi" 1995, na hakuna aliyemwambia arudishe kimoja.

La fedha sitalizungumza sana, ila liko. Januari 1899 Chekhov alimuuzia mchapishaji Marks haki za kazi zake zilizokwishaandikwa kwa rubli 75,000, na zijazo kwa malipo mengine, na rafiki zake wakalia kwamba amepunjwa. Lakini kwenye mkataba alibakiza kitu kimoja: mapato ya michezo inapochezwa jukwaani. Hayo yaliendelea kuingia. Wewe na kikundi chako andikishaneni hata kwenye karatasi ya daftari nani anamiliki mswada na mrabaha unagawanywaje mkialikwa mahali penye kiingilio, na mswada ukikamilika uusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Usione aibu kwa kuwa ni majirani. Hasa kwa kuwa ni majirani.

Turudi stendi. Chukua mswada wa mchezo, kalamu nyekundu, na futa kila kitu ambacho mtu aliyekaa kiti cha mwisho hawezi kukiona kwa macho wala kukisikia kama kitu ambacho mtu wa kweli angemwambia mtu mwingine wa kweli. Utabaki na kurasa mbili, labda moja na nusu. Usiogope; hizo ndizo tamthilia yako. Muuza karanga anayejua ukoo mfukuze. Mbakishe mpagazi, lakini asijue chochote, na asiwe na huruma ya ziada. Ana kiu, ana njaa, amekesha. Muda uwe nusu saa ya mwisho, usianze asubuhi. Hofu ya asubuhi nzima tutaiona kwa namna alivyokaa.

Kisha tafuta nafaka ya Toby. Mimi ninaiona kwenye hadithi yako tayari, ila umeipita haraka: ile chupa ya chai. Mama amekuja na chupa ya chai na vikombe viwili vya bati. Hebu mpagazi aombe kikombe kimoja mwanzoni, na mama akatae kwa ukali unaozidi jambo lenyewe, kwamba ni ya mwanangu, akija itakuwa imepoa. Waongee kuhusu matope, kuhusu lori lililoharibika njiani, kuhusu kwa nini mpagazi havai viatu. Mama asitaje ugonjwa hata mara moja. Fundo la khanga lifunguliwe na kufungwa mara 3, mpagazi aone mara ya tatu tu, asiulize. Na pale basi linaposikika, mama, bila kutazama barabarani, amimine chai yote, ammalizie mpagazi, vikombe vyote viwili.

Huo ni mfano wangu. Wewe utapata bora, maana mama ni wako. Ila ukijaribu huu, mwambie binti anayecheza asimimine kwa machozi. Amimine kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo, chai ifurike kidogo, mpagazi arudishe mkono kwa sababu ni ya moto. Basi lenyewe msilionyeshe. Honi inatosha.